Nani Aliyeamua Kwamba Tai Si Lazima Tena?

Septemba 1922, katika jiji la New York, vijana waliingia mitaani wakawa wanawavua wanaume kofia na kuzikanyagakanyaga. Kofia zenyewe zilikuwa zile nyepesi za kiangazi, zilizosukwa kwa mabua, na kosa la wenye nazo lilikuwa la kalenda tu. Ilijulikana kwamba ikifika Septemba 15 mwanaume anayejiheshimu huifungia kabatini ile ya mabua na kutoa ya sufu. Vijana hawakusubiri hata tarehe hiyo. Walianza tarehe 13. Walipowagusa wafanyakazi wa bandarini wakajibiwa kwa ngumi, na fujo zikaendelea kwa siku kadhaa. Polisi wakaingilia, watu wakakamatwa, wengine wakatozwa faini.

Ukitafuta sheria iliyokataza kofia ya mabua baada ya Septemba 15, huipati. Hakuna baraza lililoipigia kura, wala tangazo lililobandikwa ukutani. Na leo mwanaume akipita mtaa uleule kichwa wazi, au na kofia ya mabua katikati ya Oktoba, hakuna atakayegeuza shingo. Kanuni ile imekufa. Lakini kwa kuwa haikuwahi kutungwa, haikuwezekana pia kuifuta. Iliondokaje basi?

Wengi hulijibu swali hili kwa mkato. Wazee watasema vijana wa siku hizi hawana adabu. Vijana watasema watu wameerevuka na kuachana na mambo ya kizamani. Pande zote mbili zinachukulia kwamba kanuni hubadilika pale watu wanapobadili mapenzi yao. Ukifuatilia kanuni moja moja utaona mambo hayaendi hivyo. Kanuni inaweza kusimama miaka na miaka huku karibu kila anayeifuata ameshaichoka.

Kila mtu anamsubiri mwenzake

Kanuni isiyoandikwa imeshikiliwa na dhana mbili zilizomo kichwani mwa kila anayeifuata. Ya kwanza ni kuhusu wanachofanya wengine: hapa kila mtu huvaa tai. Ya pili ni kuhusu watakavyonihukumu nisipofanya hivyo: nikija bila tai wataniona sina adabu, au sijui kazi. Katika dhana hizo mbili hakuna mahali panapouliza mimi mwenyewe napenda nini. Ndiyo maana ofisi nzima inaweza kukaa na makoti kwenye joto, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake hana tatizo na joto hilo, na mwenzake akiamini vilevile. Wanasaikolojia wa Marekani, akiwemo Floyd Allport, waliieleza hali hii karibu miaka mia iliyopita: watu wengi hawaikubali kanuni, ila kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Na hakuna anayehitaji kujua sababu ili aitii. Kifungo cha chini cha kizibao cha suti huachwa wazi mpaka leo. Husimuliwa kwamba ilianza kwa mfalme Edward VII wa Uingereza, ambaye tumbo lake lilikuwa limezidi nguo. Iwe kweli au porojo, mamilioni ya wanaume wamekiacha kifungo hicho wazi bila hata kuisikia hiyo habari ya tumbo.

Mfano ninaoupenda zaidi wa fundo hili unatoka Japani. Kiangazi cha mwaka 2005, Wizara ya Mazingira, chini ya waziri Yuriko Koike, ilitaka ofisi zipunguze matumizi ya umeme kwa kuweka viyoyozi kwenye nyuzi 28 za Selsiasi. Upande wa mashine hakukuwa na kazi. Unabonyeza kitufe, basi. Kikwazo kilikuwa shingoni. Mtu aliyevaa shati lililofungwa hadi juu, tai na koti hawezi kufanya kazi kwenye nyuzi 28 akabaki na akili timamu. Avue, basi? Mfanyakazi mdogo hawezi kuvua kabla ya mkuu wake. Mkuu wake hawezi kumpokea mteja akiwa shingo wazi, mteja atajiona amedharauliwa. Na mteja naye, aliyekuja akitiririka jasho ndani ya koti lake, anawaza hayohayo kuhusu mwenyeji wake.

Serikali ililijua hilo, kwa hiyo haikuishia kutoa waraka. Waziri Mkuu Junichiro Koizumi alijitokeza hadharani bila tai. Maana yake haikuwa kwamba waziri mkuu anasikia joto. Hilo kila mtu alilijua. Maana yake ilikuwa kwamba sasa kila mtu amemwona, na kila mtu anajua kwamba wengine pia wamemwona. Hata hivyo mwanzoni maofisa wengi wa serikali walisema bado wanaona ni utovu wa adabu kukutana na watu wa kampuni binafsi bila tai. Ruhusa walikuwa nayo, mkubwa wao wa juu kabisa alikuwa ameonyesha mfano, na bado mkono ulikwenda kwenye tai. Ilichukua viangazi kadhaa jambo hilo kuzoeleka.

Sweden walifungua fundo kama hilo kwenye upande wa salamu na mazungumzo. Kwa muda mrefu ilikuwa adabu kumtaja mtu kwa cheo chake hata unapoongea naye ana kwa ana: je, mhandisi atapenda kukaa? Ilikuwa taabu kwa kila mtu, hasa pale ambapo hukijui cheo cha unayeongea naye. Mwaka 1967 Bror Rexed, mkuu mpya wa idara ya taifa ya afya, aliwatangazia wafanyakazi wake kwamba atamwita kila mmoja kwa jina lake la kwanza. Hakuwa wa kwanza kufanya hivyo. Kwenye viwanda na vyama watu walishaanza zamani. Lakini yeye alikuwa juu, na alisema kwa sauti. Katika miaka michache tu vyeo vikawa vimetoweka kwenye maongezi ya kila siku ya nchi nzima.

Je, mpaka wafike wangapi ndipo mambo yageuke? Mwaka 2018 Damon Centola na wenzake walichapisha jaribio katika jarida la Science. Waliwakusanya watu mtandaoni katika vikundi, kila kikundi kikazoea jina fulani la kukiita kitu, kisha wakapandikiza ndani yake watu wachache waliong'ang'ania jina jingine. Waliong'ang'ania walipokuwa chini ya robo, hawakubadilisha kitu. Walipofikia takriban robo, kikundi kizima kikahamia upande wao. Mimi singeichukua robo hiyo na kuitangaza kuwa kanuni ya dunia, maana kuchagua jina kwenye mchezo hakumharibii mtu heshima wala kazi, na nguo huweza kuviharibu vyote viwili. Kinachonivutia ni umbo la mabadiliko yenyewe: kimya kirefu ambapo wanaovunja kanuni wanaonekana wajinga, halafu ghafla wanaoifuata ndio wanaonekana wameachwa nyuma. Anayetazama kutoka nje huapa kwamba yametokea kwa usiku mmoja, akaanza kutafuta wa kumlaumu.

Kwenye kofia za wanaume, wa kulaumiwa amekuwa John F. Kennedy. Inasimuliwa sana kwamba ndiye aliyeziua, kwa kuapishwa kichwa wazi Januari 20, 1961. Ukweli ni kwamba siku hiyo alikwenda na kofia, tena ile ndefu nyeusi ya sherehe, akaivua alipofika wakati wa kula kiapo na kuhutubia. Biashara ya kofia ilikuwa imeshaanza kushuka miongo kadhaa kabla yake. Gari lenye paa la chini lina haki ya kulaumiwa kuliko rais: kofia ilimkinga mtu aliyetembea kwa miguu au kusubiri barabarani, na ndani ya gari inagonga paa.

Jambo lilelile, maana nyingine

Hapa ndipo mjadala wa adabu hupotea njia mara nyingi. Tunadhani kanuni imebadilika pale watu wanapoacha kufanya jambo. Kuna wakati watu wanaendelea kulifanya vilevile, ila maana yake imewahama bila wao kujua.

Chukua simu. Enzi za simu ya mezani, kupiga ndiyo ilikuwa njia yenyewe. Adabu ilihusu saa: usipige usiku mno, usipige watu wakiwa mezani wanakula. Nje ya hapo, simu ikiita ilipokewa, na aliyepiga hakuwa amekosea lolote. Kisha ukaja ujumbe mfupi wa maandishi. Ujumbe haukuikataza simu, uliketi tu pembeni yake. Lakini kuanzia siku ambayo mtu anaweza kuandika, kupiga kumekuwa uamuzi. Anayepiga sasa anasema, atake asitake, kwamba jambo lake haliwezi kusubiri, na kwamba wewe uache unachofanya. Ndiyo maana kuna watu ambao simu ikiita bila taarifa moyo huwapasuka: wanafikiri kuna msiba. Huyu mwingine, aliyelelewa na simu ya mezani, anaona kinyume kabisa. Kwake ujumbe wa maandishi kwa jambo zito ni ubaridi, na kuuliza kwanza "naweza kukupigia?" ni kujifanya wa kutafutiwa miadi. Mtu na shangazi yake wanaweza kuudhiana mwaka mzima kwa njia hii, kila mmoja akiwa mwadilifu kabisa kwa kanuni aliyoirithi.

Tai nayo imepitia hayohayo. Mwaka 1950, karani wa benki aliyevaa tai hakuwa amesema kitu chochote. Ilikuwa sare ya mtu mzima. Leo mwanaume akiingia ofisini na tai wenzake humuuliza kulikoni. Ana usaili mahali? Ana kesi mahakamani? Kuna mgeni mkubwa? Kitambaa ni kilekile na fundo ni lilelile, ila kwa kuwa kutovaa kumekuwa kawaida, kuvaa kumegeuka kuwa kauli. Hata mtu ambaye hajabadilisha chochote maishani mwake, aliyevaa vilevile tangu ujana, amefanywa kuwa mwenye kauli bila kufungua mdomo. Anashangaa wanavyomchukulia, na ana haki ya kushangaa.

Salamu ya mkono ilionyesha upande mwingine wa jambo hili mwaka 2020. Katika wiki chache za Machi, katika nchi nyingi, mkono ulionyoshwa uligeuka kutoka heshima hadi hatari. Ugonjwa ulipopungua mkono ukarudi, ila haukurudi kwa wote, wala kwa wakati mmoja. Watu wakabaki na ile nusu sekunde ya kutazamana: huyu anatoa mkono au hatoi? Nusu sekunde hiyo ndiyo kanuni isiyo na mwenyewe. Kazi kubwa ya adabu ilikuwa kutuondolea kufikiri mahali kama hapo, na ikiyumba kila mtu analazimika kupiga hesabu upya.

Kwa kuwa hazijaandikwa, tunazijuaje kanuni za watu waliokwisha kufa? Njia mojawapo ni kutazama walichokuwa wakikaripia. Mwaka 1530 Erasmus wa Rotterdam alitoa kijitabu cha adabu kwa watoto wa kiume, humo akaeleza kwamba kupangusa kamasi kwa kofia au kwa nguo ni ushamba. Hakuna mwandishi wa leo anayewaambia watu wazima jambo hilo. Mwanasosholojia Norbert Elias, katika utafiti wake wa mwaka 1939, alizisoma nasaha za namna hiyo kwa mfululizo wa karne kadhaa akaona mtindo: jambo huanza kama karipio, likaja kuwa aibu, kisha likawa halitajwi kabisa maana mtoto amelimeza kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo ukimya una sura mbili. Kuna kanuni zisizosemwa kwa sababu zimekufa, na kuna zisizosemwa kwa sababu zimeshinda.

Nguo za mkubwa

Zamani mamlaka hayakuiachia jamii kazi hii. Mwaka 1363 bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyopanga ni watu wa daraja gani wavae kitambaa gani na manyoya gani, mpaka kwa wachunga mifugo na wake zao. Sheria za namna hiyo zilifutwa nchini humo mwaka 1604. Lakini haja ya kumtambua mkubwa kwa macho haikufutwa. Ilihamia kwenye desturi. Thorstein Veblen, mchumi wa Marekani, aliandika mwaka 1899 kwamba nguo nadhifu ya mwenye mali inatangaza kwanza kabisa kwamba aliyeivaa hafanyi kazi ya mikono. Miaka michache baadaye Mjerumani Georg Simmel akaeleza jinsi mtindo unavyosafiri: walio juu huvaa kitu, walio chini yao wakakiiga, na kikishaenea walio juu hukihama.

Suti iliyoshonwa kiwandani ilimfikia karani, na ikishamfikia karani haimtofautishi tena bosi. Mkubwa aende wapi? Wakati huu alishuka. Suruali ya jinzi ilipewa hataza mwaka 1873, ya fundi cherehani Jacob Davis pamoja na mfanyabiashara Levi Strauss, kwa ubunifu wa kupigilia vipini vidogo vya shaba kwenye kona za mifuko ili zisichanike kazini. Ilikuwa nguo ya kibarua. Miaka ya 1950 shule nyingi za Marekani ziliwakataza wanafunzi kuivaa. Leo ipo kwenye mikutano ya wamiliki wa kampuni, na vibarua wengi wamevaa sare.

Mwaka 2012, Mark Zuckerberg alipokwenda New York kukutana na wawekezaji kabla ya hisa za Facebook kuanza kuuzwa, alivaa sweta lake la kofia. Wapo waliolalamika kwamba huo ni utoto. Wawekezaji walinunua. Aprili 2018 mtu huyohuyo alikaa mbele ya maseneta wa Marekani kujibu maswali kuhusu taarifa za watumiaji wake, akiwa na suti ya rangi ya kiza na tai. Mara ya kwanza yeye ndiye aliyebembelezwa, mara ya pili ndiye aliyehojiwa. Kwa hiyo mtu akikwambia nguo hazina maana tena, tazama kwanza kama anayesema hivyo ana mtu juu yake.

Haki ya kuvaa ovyo imegawanywa kama mali nyingine. Mwanzilishi wa kampuni akivaa fulana iliyofifia anaitwa mtu asiye na makuu. Anayekuja kuomba kazi ya mapokezi na fulana hiyohiyo hapiti getini.

Uhuru wenye mwongozo

Kulegea kwenyewe kuna waliokusukuma, na wengine walikuwa na bidhaa ya kuuza. Huko Hawaii watengenezaji wa nguo walifanya kampeni hadi mwaka 1966 ikazaliwa Ijumaa ya mashati ya maua maofisini. Mwaka 1992 watu wa kampuni ya Levi Strauss, waliokuwa wakiuza suruali za Dockers, walituma kijitabu kwa maelfu ya maofisa rasilimali watu kote Marekani, kikieleza jinsi ya kuvaa kikawaida kazini. Niruhusu nicheke kidogo: watu waliambiwa wavae wanavyojisikia, halafu wakatumiwa mwongozo wa kujisikia. Lakini mwongozo ule ulihitajika. Suti ni rahisi. Ukiwa na moja ya rangi ya kiza na shati jeupe umemaliza, na hakuna anayeweza kujua ni ya kuazima. "Vaa kawaida" ni mtihani wenye majibu mengi, na aliyeuandika hakuambii yapi ni makosa.

Machi 2019 benki ya Goldman Sachs iliwatangazia wafanyakazi wake kwamba suti si lazima tena. Waraka wenyewe haukuorodhesha kinachoruhusiwa. Uliwaambia watumie busara, kwa kuwa wote wanajua kipi kinafaa kazini na kipi hakifai. Naamini nia ilikuwa njema. Lakini hao "wote" ni akina nani? Miaka 3 kabla, tume ya serikali ya Uingereza inayoshughulikia usawa wa fursa ilichapisha ripoti kuhusu ajira katika benki za uwekezaji jijini London. Ilieleza jinsi vijana wenye sifa nzuri za masomo, waliotoka familia zisizo na uwezo, walivyokuwa wakikwama kwenye usaili kwa mambo kama viatu vya rangi ya kahawia vilivyovaliwa na suti, tai yenye kelele, au suti isiyokaa sawa mwilini. Katika ulimwengu ule viatu vya kazini ni vyeusi. Waliokulia humo hawakumbuki walijifunza lini. Aliyetoka nje anajifunza siku anayonyimwa kazi, na hata siku hiyo haambiwi kwamba ni viatu. Anaambiwa tu kwamba "hakuendana" na mahali pale.

Kulegeza kanuni kwa hiyo si kuziondoa, na wakati mwingine ni kuzificha. Ningekuwa mwajiri ningeongeza mstari mmoja kwenye barua ya kuitwa kwenye usaili: njoo na koti, tai si lazima, viatu vya rangi yoyote. Haigharimu kitu. Nashangaa ni wachache namna gani wanaofanya hivyo.

Kanuni inapolazimika kuandikwa

Maandishi hayalindi kila kitu lakini. Paris, amri ya polisi ya Novemba 7, 1800 ilimtaka mwanamke anayetaka kuvaa mavazi ya kiume aombe kibali kituoni. Mwaka 1892 na 1909 ikalegezwa: suruali ruksa, mradi mwanamke ameshika usukani wa baiskeli au hatamu za farasi. Kisha wanawake wa Paris wakavaa suruali miongo na miongo bila baiskeli wala farasi, na amri ikaendelea kulala kwenye makaratasi hadi Januari 2013, waziri wa haki za wanawake, Najat Vallaud-Belkacem, alipotamka kwamba haina nguvu yoyote. Iliyoandikwa ilikufa kimya kimya. Isiyoandikwa, ile iliyodai kwamba mwanamke asivae suruali mahali rasmi, iliishi muda mrefu zaidi mahali pengine. Katika Seneti ya Marekani ilidumu hadi mwaka 1993, Barbara Mikulski na Carol Moseley Braun walipoingia ukumbini na suruali.

Seneti hiyohiyo ndiyo iliyonipa mwisho wa hadithi hii. Kwa zaidi ya miaka 230 haikuwa na kanuni ya maandishi kuhusu mavazi ukumbini. Maofisa wa mlangoni waliisimamia kwa mazoea. Septemba 2023 kiongozi wa walio wengi, Chuck Schumer, aliwaambia maofisa waache kuwasimamia maseneta katika jambo hilo. Kila mtu alijua anayelengwa: John Fetterman wa Pennsylvania, anayependa kaptura na sweta la kofia. Kelele zikapigwa na pande zote mbili, na kabla ya mwezi kwisha Seneti ikapitisha azimio, bila hata mmoja kupinga, kwamba mavazi ya ukumbini yawe ya kikazi. Kwa wanaume likataja moja kwa moja: koti, tai, suruali ndefu. Kwa wanawake halikutaja vazi hata moja. Wao wameachiwa kanuni ya zamani, ile ya kutazamana mlangoni.